Wasomaji Wanauliza: Jambazi wa Filamu za Kauboi Anapotaka Kurudi kwa Watu

Mwezi uliopita safu hii iliwaomba wasomaji waandike kuhusu filamu za kauboi za bei ndogo, hasa zile zinazomhusu jambazi anayetaka kuacha uhalifu na kuishi kama watu wengine. Kati ya barua zilizofika nimechagua tatu, kwa sababu zikisomwa pamoja zinajibizana zenyewe.

SWALI: Shikamoo, mzee wetu wa safu ya filamu. Mimi ni fundi baiskeli hapa Kirumba. Tangu utotoni nilikuwa mteja wa kibanda cha video kilichokuwa jirani na soko la samaki la Mwaloni, na huko tulifundishana kwamba steringi hafi. Hivi karibuni nimeazima diski yenye filamu za zamani za kauboi, na nimeona kwamba jambazi akiamua kuacha ujambazi, mara nyingi huuawa dakika za mwisho, hata kama moyo wake umekwisha kubadilika. Ile ya John Wayne iitwayo Angel and the Badman ndiyo pekee iliyomwacha hai. Kwa nini watengenezaji wa filamu hizo walikuwa wakali kiasi hicho kwa mtu aliyetubu?
Fundi baiskeli, Kirumba, Mwanza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Swali lako lina majibu mawili, moja la kanuni na jingine la fedha.

Mwaka 1930 kampuni za filamu za Marekani zilikubaliana juu ya kanuni za maadili ambazo zingeongoza kazi zao, na kuanzia mwaka 1934 kanuni hizo zilisimamiwa kwa ukali na ofisi iliyoongozwa na Joseph Breen, ambayo ilisoma hadithi kabla hazijapigwa picha na kuikagua filamu kabla haijafika kwa watazamaji. Hali hiyo ilidumu, ingawa kwa nguvu iliyozidi kupungua, mpaka kanuni zilipoondolewa mwaka 1968. Moja ya masharti yake ilikuwa kwamba uhalifu usioneshwe kwa namna ya kumfanya mtazamaji aungane na mhalifu dhidi ya sheria. Mwandishi aliyemfanya muuaji kuwa steringi alijikuta amebanwa pande mbili, kwa kuwa watazamaji wamekwisha kumpenda mtu wake, ilhali ofisi inadai kwamba damu iliyomwagika ilipwe. Risasi ya mwisho ililipa deni lote kwa mkupuo. Katika The Gunfighter ya mwaka 1950, Gregory Peck anaigiza mtu aliyechoka kabisa na sifa ya wepesi wa bastola, anayekuja mjini kumwona mkewe na mwanawe, na anauawa na kijana ambaye hataki kitu isipokuwa sifa hiyohiyo. Kabla ya kukata roho anataka watu waambiwe kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyetangulia kuchomoa bastola, ili kijana huyo aachwe hai na sifa aliyoitafuta imfuate kila aendako kama ilivyomfuata yeye. Filamu ile haikuwa ya bei ndogo, lakini inaonesha vizuri jinsi kifo kinavyoweza kuwa na maana mikononi mwa mtu anayefikiri.

Upande wa fedha, haya ni maoni yangu mwenyewe baada ya kutazama filamu nyingi za aina hii. Kumwua mtu mbele ya kamera ni kazi ya siku moja. Kumwonesha akiishi baada ya toba, akitafuta kazi, akisalimiana na watu aliowaibia, akikaa kanisani huku wengine wakisogea mbali naye, kunahitaji siku nyingi, waigizaji wengi na mwandishi mwenye subira. Kampuni yenye bajeti ndogo ilipenda njia ya mkato.

Ndiyo maana nafurahi kwamba umeitaja Angel and the Badman. Ilitolewa mwaka 1947 na Republic, kampuni iliyojulikana kwa filamu za gharama ndogo, ingawa hii ilipewa fedha zaidi ya zile za kawaida, na ndiyo filamu ya kwanza ambayo John Wayne aliisimamia mwenyewe kama mtayarishaji. Hakimiliki yake haikuhuishwa huko Marekani muda wake ulipofika, na kwa hiyo yeyote anaweza kuinakili. Bila shaka ndiyo sababu imo ndani ya diski yako. Jambazi Quirt Evans anajeruhiwa na kuuguzwa na familia ya Wakweka, Wakristo ambao imani yao inawakataza kubeba silaha. Katika homa yake hawezi kutulia mpaka ashike bastola, basi wenyeji wake wanatoa risasi zote, wanamrudishia ikiwa tupu, na analala usingizi kama mtoto. Maadui zake wanapofika kumtafuta, yeye anawakabili kwa bastola hiyohiyo isiyo na kitu. Hakuna farasi mia wala treni inayolipuka katika matukio hayo. Kuna kitanda, chuma baridi na watu watatu au wanne, lakini mtazamaji ameelezwa yote kuhusu mtu ambaye hofu ndiyo iliyokuwa mto wake wa kulalia.

Kuna pia tukio la maji. Jirani mmoja mwenye shamba juu ya mto ameyazuia maji, na familia ile imekuwa ikivumilia. Quirt anakwenda kwake, na jirani anapotambua ni nani aliyesimama mbele yake anayafungulia mara moja. Jina baya limefanya jambo jema. Halafu wale Wakweka, badala ya kusherehekea ushindi, wanampokea jirani kwa chakula na kumtibu jipu lake, na Quirt anabaki akitazama kitu ambacho jina lake lisingeweza kukifanya. Hapo ndipo anapoanza kubadilika. Mwishoni anamkabidhi mpenzi wake bastola, na maadui wanapotaka kumwua akiwa mikono mitupu, anayewapiga risasi ni askari mzee wa serikali ambaye amekuwa akimfuatilia tangu mwanzo. Deni linalipwa kwa mkono wa sheria, nasi tunabaki na mtu aliye hai kwenye gari la kukokotwa, anayerudi shambani.

Ukipata nafasi, linganisha na Hell's Hinges ya mwaka 1916, filamu isiyo na sauti, ambamo William S. Hart ni jambazi aliyetumwa kumfukuza mchungaji mgeni. Anamtazama dada wa mchungaji, na mara moja moyo wake unageuka. Hart anastahili heshima kwa kuwa ni mmoja wa waliomjenga mhusika wa aina hii katika filamu na kumfanya apendwe, lakini toba ya kutazamana mara moja sijawahi kuiamini sana.

SWALI: Mhariri mpendwa, mimi ni mwalimu hapa Nansio, Ukerewe. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wameniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu: je, huko Marekani palikuwa na jambazi wa kweli aliyeacha ujambazi na kupokewa na watu, au hayo ni ya filamu tu?
Mwalimu, Nansio

JIBU: Mwalimu, walikuwapo, na baadhi yao waliingia katika filamu hizohizo za bei ndogo.

Wa kwanza ni Frank James. Mdogo wake Jesse aliuawa mwezi Aprili 1882 na mtu wa kundi lake mwenyewe, na mwezi Oktoba mwaka huohuo Frank alikwenda kwa gavana wa Missouri, Thomas Crittenden, akamkabidhi bastola yake. Alishtakiwa, na raia walioteuliwa kuamua kesi wakamwachia huru. Tangu hapo aliishi kwa kazi za kawaida, zikiwamo kuuza viatu na kupokea tiketi mlangoni mwa jumba la maonesho, hata alipofariki mwaka 1915. Wanafunzi wako wazingatie kwamba hakuachiwa kwa sababu hakuwa na doa. Wapo wengi katika jimbo lile waliomwona yeye na nduguye kama watu wa upande wao katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na kumbukumbu ya vita hivyo ilikuwa bado mbichi.

Wa pili, Emmett Dalton, alikutana na watu wa namna nyingine. Tarehe 5 Oktoba 1892 yeye na wenzake wanne walijaribu kuibia benki mbili kwa wakati mmoja katika mji wa Coffeyville, Kansas. Wakazi waliwatambua, wakachukua bunduki madukani, na baada ya dakika chache majambazi wanne na wananchi wanne walikuwa wamekufa. Emmett alinusurika akiwa na majeraha mengi ya risasi, akahukumiwa kifungo cha maisha, na akasamehewa mwaka 1907 baada ya kutumikia miaka 14. Alihamia California, akaigiza katika filamu kuhusu maisha yake mwenyewe, na akafa mwaka 1937.

Wa tatu, Al Jennings, alikuwa mwanasheria kabla ya kuibia treni. Baada ya kutoka gerezani alishiriki katika filamu fupi iitwayo The Bank Robbery, iliyopigwa Oklahoma mwaka 1908 chini ya uongozaji wa Bill Tilghman, ambaye alikuwa askari mashuhuri wa kuwasaka wahalifu. Mwaka 1914 Jennings aliomba kuteuliwa na chama chake kugombea ugavana wa Oklahoma, akashindwa. Waambie wanafunzi wafikirie picha hiyo ya askari na mwizi wakisimama upande mmoja wa kamera, kisha waulize ni nani katika wawili hao aliyehitaji ujasiri zaidi ili kukubali kazi ile.

SWALI: Shikamoo, mzee. Sisi ni vijana sita wa Igombe. Tuna kamera moja, kompyuta ya kuhariria na shilingi milioni tatu tulizochanga kwa mwaka mzima. Tunataka kutengeneza filamu kama za kauboi, lakini mhusika wetu aliiba injini za mitumbwi ziwani, akafungwa, na sasa amerudi mwaloni kwao, ufukweni mitumbwi inapotia nanga, akitaka kufanya kazi halali. Wenzetu wanatucheka kwamba hakuna kauboi bila farasi na kofia. Je, wana haki? Na je, fedha hizi zinatosha kufanya kitu cha maana? Na mwishoni, mhusika wetu afe?
Vijana wa Igombe, Ilemela

JIBU: Marahaba, wanangu. Barua yenu nimeisoma mara tatu, na nataka kuijibu kwa urefu kuliko nyingine.

Wenzenu hawana haki. Katika hadithi zenu na zile za kauboi kuna mambo matatu yanayofanana, nayo ndiyo yanayobeba aina hii ya filamu: eneo kubwa ambalo mkono wa serikali haulifikii haraka, mali inayohamishika ambayo ndiyo uhai wa mwenye nayo, na jamii ndogo inayojuana kwa majina. Ng'ombe wa Texas akichukuliwa usiku, mwenyewe anaamka maskini. Injini ya mtumbwi ikichukuliwa katikati ya ziwa, mvuvi anapoteza chombo chake cha kazi, analala majini akisubiri kuokolewa, na akifika nchi kavu bado anadaiwa na aliyemkopesha. Hapa Usukuma tungeweza pia kusimulia habari za wizi wa ng'ombe, maana ndizo zilizowafanya wazee wetu waanzishe Sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980, lakini ninyi ni watu wa mwaloni, mnajua harufu ya dagaa wanaoanikwa na maneno ambayo mwenye mtumbwi humwambia mtu asiyemwamini. Bakini hapo.

Kuhusu fedha, ni vizuri mjue jinsi wenzenu wa zamani walivyofikiri. Katika miaka ya 1930 majumba mengi ya sinema ya Marekani yalianza kuonesha filamu mbili kwa tiketi moja. Ile kubwa iliwapa watengenezaji sehemu ya mapato ya mlangoni. Ile ndogo, ambayo mara nyingi ilikuwa ya saa moja hivi, ilikodishwa kwa kiasi kilichopangwa mapema, watazamaji wawe wengi au wachache. Kampuni kama Republic na Monogram zilijua basi ni kiasi gani kingeingia hata kabla ya kuanza kazi, na faida yao ilitokana na kubana matumizi. Ndipo walipojifunza kutumia barabara moja ya mji wa mbao katika filamu kumi, kurudia picha zilezile za farasi wakikimbia, kupiga picha za usiku wakati wa mchana kwa kupunguza mwanga unaoingia kwenye kamera, na zaidi ya yote, kwenda mahali ambapo Mungu amekwisha kuwajengea mandhari bila malipo.

Mahali hapo palikuwa miamba. Chini ya milima ya Sierra Nevada huko California, karibu na mji wa Lone Pine, kuna eneo liitwalo Alabama Hills, lenye mawe ya matale yaliyoviringana na kukaliana, ambalo limepigwa picha katika filamu nyingi sana za kauboi. Mtu wa Mwanza akiyaona anaweza kudhani ni Capripoint au Igogo. Yameumbwa kwa njia moja na yetu: maji yalipenya katika nyufa za mwamba ungali chini ya udongo, yakala pembe zake kidogo kidogo, kisha udongo ukachukuliwa na mmomonyoko na mawe ya mviringo yakabaki wazi. Mandhari ambayo wao walisafiri saa kadhaa kutoka Hollywood kuifuata, ninyi mnaipita kila siku kwenye daladala.

Tafuteni Ride Lonesome ya mwaka 1959, iliyoongozwa na Budd Boetticher na kuandikwa na Burt Kennedy, nayo imepigwa palepale Lone Pine. Ina dakika 73 tu. Karibu filamu yote ni watu watano juu ya farasi, wakipita kati ya mawe na jangwa. Randolph Scott amemkamata kijana muuaji na anampeleka mjini; njiani wanaungana naye majambazi wawili, Boone na Whit, ambao nao wanamtaka kijana yule, kwa sababu serikali imetangaza msamaha kwa yeyote atakayemfikisha. Boone ana shamba lake tayari na anataka kulilima bila kuangalia nyuma. Ili apate msamaha, itambidi amwue mtu anayemheshimu. Filamu inakaa hapo kwa saa nzima, katika mazungumzo ya jioni kando ya moto, mpaka sisi wenyewe hatujui tumwombee nani. Kumbe Scott hakumhitaji kijana yule. Alimtumia kama chambo cha kumpata kaka wa kijana huyo, aliyemnyonga mke wa Scott juu ya mti. Baada ya kulipiza kisasi anawakabidhi majambazi wale kijana, na msamaha wao pamoja naye, na yeye anabaki nyuma akiuchoma moto ule mti.

Oneni kwamba Boone hakujipa msamaha mwenyewe. Alitaka, aliahidi, alisema kweli, na bado ilikuwa lazima mtu mwingine afungue mkono. Hili ndilo ninalotaka mlichukue kutoka katika barua yangu hii, kwa sababu filamu nyingi za vijana wetu humaliza toba kwa machozi na hotuba ya mhusika mwenyewe. Mtu wenu anaweza kulia mchana kutwa pale Igombe. Swali la filamu ni nani mwaloni atakayempa kazi, na huyo atapoteza nini akikosea. Basi mchagueni mtu huyo mapema. Mimi ningemfanya awe mama mwenye mtumbwi mmoja, ambaye injini yake ya kwanza iliibwa na mhusika huyuhuyu. Mpeni nafasi kubwa sawa na ya jambazi, na msimfanye mpole kuliko watu walivyo. Wa tatu awe mwenzake wa zamani anayekuja na kazi moja ya mwisho, kwa maana bila yeye hakuna kishawishi. Watu watatu, labda na mtoto mmoja, wanatosha, na milioni zenu zitawalisha na kuwasafirisha.

Sasa mambo ya kazi yenyewe. Sisi tuko karibu sana na Ikweta, na jua la saa sita linasimama utosini, kiasi kwamba miamba inapoteza vivuli na kuonekana kama unga. Pigeni picha kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, kisha tangu saa kumi jioni. Mazungumzo yote muhimu yawe ya asubuhi, kwa kuwa mchana upepo wa ziwani huvuma kuelekea nchi kavu na kuharibu sauti, na mtazamaji husamehe picha mbaya kuliko sauti mbaya. Mitumbwi msiikodi wakati wa giza, wavuvi wa dagaa wanapokuwa kazini. Ngojeni mbalamwezi, siku ambazo karabai na taa hazivuti dagaa na mitumbwi imelala ufukweni, kwani hapo wenyewe watakubali bei mnayoweza. Bastola msiitumie kabisa. Silaha ya kuigizia inaweza kuwaletea matatizo na polisi na kuwatia hofu wakazi, na tena jambazi wa injini hahitaji zaidi ya panga na spana. Kabla ya yote, ombeni kibali cha Bodi ya Filamu, kwa sababu sheria ya mwaka 1976 ya filamu na michezo ya kuigiza inadai hivyo, na mkitaka mawe ya Saanane mkumbuke kwamba kile ni kisiwa cha Hifadhi ya Taifa chenye taratibu zake. Mawe ya Ilemela yatawatosha.

Mmeniuliza pia, mwishoni mwa barua yenu, kama mhusika afe. Asife. Hakuna ofisi ya Breen inayowalazimisha, na fundi baiskeli wa Kirumba amesubiri muda mrefu. Ninyi mnajua, kuliko mimi, kwamba mtumbwi ukifika injini hung'olewa na kubebwa begani mpaka stoo, kwa kuwa ikiachwa majini usiku haitakuwapo asubuhi. Katika filamu yote mtu wenu abebe kila kitu isipokuwa hiyo: abebe nyavu, madumu ya petroli, ndoo za dagaa, na kila mara injini inapong'olewa, mama amwite mtu mwingine. Tukio la mwisho pekee lingojee giza la mwezi, alfajiri mitumbwi ya dagaa inaporudi. Mama anateremka, anatazama ufukweni, kijana wake wa kawaida hayupo. Anaing'oa injini mwenyewe, anakaa nayo kidogo, kisha anaiweka begani mwa yule mwizi, na yeye anatangulia kwenda kufungua mlango wa stoo bila kugeuka kumtazama. Kamera ibaki nyuma yao kwa mbali, na msiweke muziki. Sauti ya maji na ya wachuuzi inatosha.